Mwaka Tuliobandua Marumaru

Mwezi uliopita tulimzika Kaka Godlisten, kule juu Machame. Wanaume walikaa nje chini ya maturubai na sisi wanawake tukajazana sebuleni, kama misiba yetu ilivyo. Sebule ile ni kubwa. Ina dirisha pana linalotazama migomba, ina makochi ya ngozi aliyoyaleta marehemu kutoka Dar es Salaam, ina televisheni ya ukutani. Lakini chini ni saruji tupu ya kijivu, imekwaruzwa mistari mistari kama sakafu ya banda la ng'ombe. Mkwe mmoja wa marehemu, binti wa mjini, alikuwa amekaa karibu nami kwenye mkeka. Akaninong'oneza, "Mama, hivi watu wenye uwezo namna hii, kwa nini hawakumalizia sakafu?" Nilikuwa nimeshinda jikoni tangu alfajiri na magoti yalikuwa yananiwaka. Nikamjibu kwamba imemaliziwa, mwanangu, tena imemaliziwa mara mbili. Alidhani ninamtania, akacheka kidogo kwa adabu ya msibani, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza.

Nimerudi kwangu Rau na swali lake bado ninalo, kwa sababu mimi mwenyewe niko kwenye vita ya sakafu. Watoto wangu wanataka nibadilishe hii niliyonayo. Wanasema imechakaa, wanasema ni aibu, na kila mmoja ananitumia picha kwenye simu: marumaru za kung'aa mpaka taa zinaonekana mbili, mbao za kahawia, mazulia ya plastiki yanayoigiza mbao. Mimi ninaishi na mbwa wawili, na wote wawili wanalala ndani, na sitaki kujitetea kwa jambo hilo. Juzi nilikwenda dukani mjini nikamwambia kijana anionyeshe marumaru zisizong'aa, zile zenye mkwaruzo. Akanitazama kwa huruma. "Mama, hizo ni za bafuni na za nje, ndani hazipendezi." Nikamwambia anipe kipande na maji kidogo. Nikakimwagia, nikakikanyaga kwa soksi pale pale mbele ya wateja. Ukichoka kama nilivyochoka mimi, aibu nayo inachoka. Kijana hakujua kwamba darasa la sakafu nilishalimaliza nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nyumbani kwa Shangazi Aikande, mama yake Godlisten.

Ya ukoo wetu nayaacha, ni marefu na hayamsaidii mtu. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunipata, na Shangazi alikuwa mjane anayeishi peke yake kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, katikati ya kahawa na migomba. Nikapelekwa nikakae naye. Nilifika Januari, nikamkuta ameketi barazani, na mbwa mkubwa wa kahawia amelala miguuni pake. Nikasema, "Shikamoo, Shangazi." Akageuza uso upesi, akatabasamu, akasema, "Marahaba, Ndeshi, umenenepa." Sikuwa nimenenepa. Nilikuwa mwembamba kama njiti. Nilidhani ni maneno tu ya kumkaribisha mtu, na ilinichukua karibu mwezi mzima kuelewa kwamba alibahatisha.

Shangazi alikuwa haoni. Alikuwa na presha ya macho. Daktari mjini alikuwa amemwambia kwamba kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki kilikuwa mwanga tu: dirisha, moto, jua kwenye mlango. Hakumwambia mtu. Aliyajua mambo yake kwa mahali pake. Chumvi rafu ya chini, kikombe kwenye msumari wa pili, kitabu cha nyimbo za kanisani ambacho alikifungua na kuimba kwa kichwa, mara nyingine akiwa amekishika juu chini. Siku niliyomgundua alikuwa akimenya ndizi za mtori na akaendelea kumenya hewa baada ya ndizi kuisha. Nikasimama pale na bakuli mkononi. Akasikia nilivyonyamaza. "Sasa umejua," akasema. "Godlisten asijue. Akijua atanichukua, nikakae Dar kwenye kiti kama mzigo unaomsubiri mwenyewe. Na hawa hatawachukua." Hawa walikuwa mbwa. Nikaahidi, na sijawahi kujuta kwa ahadi ile.

Kwetu mbwa ni wa nje. Anafungwa mchana, anafunguliwa jioni, anakula mabaki, na akiingia ndani anafukuzwa kwa ufagio. Shangazi aliwaweka ndani, na wanawake wa jumuiya walimsema. Nilikuwa nikiwasikia wakitoka ibadani, wakipunguza mwendo karibu na lango letu. "Mbwa chini ya meza! Kama yupo Ulaya." "Upweke huo, mama, upweke unamfanyisha mtu vituko." Hawakujua kazi ya mbwa wale. Jeki, yule mkubwa, alikuwa mzee na mpole, na alitembea mbele yake, na Shangazi alimgusa mgongoni kwa ncha za vidole tu, ungedhani anambembeleza. Popi alikuwa mdogo na mwenye kelele, akipenda kulala pale penye ngazi ya kushukia jikoni. Sakafu ya wakati ule ilikuwa saruji ya zamani, imepasuka, ina mashimo, na kucha za mbwa zililia juu yake siku nzima. Kwa kucha zile Shangazi alijua mlango uko wapi, ngazi iko wapi, nani ameingia na kama mbwa wamemkubali. "Nina macho yenye miguu minane," aliniambia, akacheka mpaka akakohoa.

Kaka Godlisten alikuja mwezi wa sita. Alikuwa mtu wa malori, mzigo wake ukipita mpakani Holili kwenda na kurudi, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa, na kila alipokuja nyumba ilijaa nyama na soda. Shangazi alijipanga kwa ziara zake kama mtu anayejipanga kwa mtihani. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na hakuondoka. Mimi niliandaa, mimi nilimimina chai, na alipotaka kitu alisema, "Ndeshi, mpe kaka yako kile," na mimi nikajua kile ni nini. Siku ile Godlisten alipiga kisigino kwenye shimo la sakafu, akasema, "Mama, Desemba mjukuu wako Goodluck anapata kipaimara. Wakwe watakuja, mchungaji atakuja, wenzangu wa Dar watakuja. Siwezi kuwakalisha hapa. Naleta marumaru." Nilimtazama Shangazi. Vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye shingo ya Jeki. Angesema nini? Akikataa ataulizwa sababu, na sababu ilikuwa ni ile ile tunayoificha. Akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akubariki." Nimelifikiria sana jibu lile. Mama yeyote wa kwetu angejibu vile, kwa sababu mtoto anayejenga nyumbani hakataliwi, watu wangesema umemlaani.

Lori lilileta maboksi, mafundi wakaja, sisi tukahamia jiko la nje kwa wiki nzima. Walipomaliza, sakafu ilikuwa nyeupe kama maziwa na inang'aa kiasi kwamba niliona pindo la sketi yangu ndani yake. Nakiri nilifurahi. Nilikuwa msichana. Popi aliingia kwanza, mbio kama kawaida yake, akateleza kutoka mlangoni mpaka ukuta wa pili, nikacheka. Kisha akaja Jeki. Aliweka miguu ya mbele, ya nyuma ikamkimbia, moja kushoto moja kulia, akalala tumbo na akatoa mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwa mbwa. Nilimburuta nje kwa mikono. Tangu hapo hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni akimtazama Shangazi na kutetemeka, akiitwa analia, lakini haingii.

Ndani nako kukawa kimya. Sakafu yote ililingana chini ya unyayo, hakuna ufa wala shimo la kukuambia umefika wapi. Siku ya pili nilitoka kukamua ng'ombe nikamkuta Shangazi amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, mikono ameibana kifuani, hajui mlango uko upande gani. "Ndeshi," akasema taratibu, "nyumba imehamishwa." Nikamshika mkono nikamtoa nje. Kuanzia siku ile aliishi kwenye jiko la nje pamoja na mbwa, kwenye moshi, na Julai ya Machame ina baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Wageni walipokuja kuiona sakafu, niliwavua viatu mlangoni nikawatembeza kama mtu wa makumbusho. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Nyumba ya kifalme, na mwenyewe analala jikoni na mbwa. Kuna watu hawajui kupokea." Nilitaka kumrudishia maneno mazito, nikameza.

Tulijaribu kila kitu. Tulikata kucha za Jeki, akateleza zaidi. Tulitandika mkeka, ukateleza pamoja naye. Tulinunua zulia la plastiki, Popi akalichana pembeni kwa siku mbili, halafu mkojo ukaingia chini yake na haukutoka kwa sabuni yoyote. Shangazi alikonda. Hakuwa mtu wa kulia, lakini Septemba nilimkuta ameinamia sahani ya kiburu kilichopoa, hajakigusa, akaniambia, "Nimechoka kuishi nyumbani kwangu kama mgeni." Kisha akasema niende nikamwite fundi Anandumi, na aje na nyundo.

Fundi Anandumi alikuwa jirani, na alifikiri Shangazi amechanganyikiwa. "Mama, marumaru mpya? Godlisten atanimaliza." Shangazi akamwambia Godlisten ni wa kwake yeye kushughulika naye, fundi ashughulike na sakafu. Basi tukaanza kuchagua, na ndipo nilipojifunza ninayoyajua leo. Fundi alileta vipande vya kila aina akavipanga uani, na Jeki akawa mkaguzi. Mbao alizipenda, lakini kwa matembezi machache tu zikawa zimechorwa kucha, na fundi akasema zikinywa maji zitavimba. Saruji ya kupigwa rangi nyekundu na nta, ile ya majumba ya zamani, tuliisugua mpaka ikang'aa, Jeki akainusa akarudi nyuma. Kulikuwa na kipande kimoja cha saruji ambacho fundi alikuwa amekipitishia ufagio wa njiti kabla hakijakauka, kama wanavyofanya kwenye banda ili ng'ombe asianguke. Jeki akapanda juu yake, akajizungusha, akalala. Shangazi alikuwa amesimama pembeni amevua viatu. Akakikanyaga naye, akasugua unyayo huku na huko, na uso wake ukafunguka. "Hii," akasema. Fundi akasema, "Mama, hiyo ni ya ng'ombe." Shangazi akasema, "Nimesikia. Weka hiyo."

Marumaru zilibanduliwa Novemba. Watu walikuja mpaka uani kusikiliza nyundo, wengine wakiuliza kama wanaweza kuchukua vipande. Shangazi alikaa barazani na ndizi ya kuchoma mkononi, mtulivu kuliko nilivyowahi kumwona. "Godlisten atanuna siku mbili," akasema, "halafu atakula." Sakafu ilipokauka tulirudi ndani, na ile sauti ya kucha ikarudi, na ngazi ikarudi mahali pake. Kwa muda wa majuma kadhaa nyumba ile ilikuwa na raha. Shangazi alimjua mwanawe kwa mambo mengi, lakini katika hili alikosea.

Godlisten alifika siku mbili kabla ya Krismasi, na mkewe, na watoto, na magodoro juu ya gari. Akaingia sebuleni, akasimama. Aliitazama ile sakafu ya banda kwa muda mrefu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Nani amefanya hivi?" Shangazi akajibu kutoka kwenye kiti chake, "Mimi, mwanangu. Mbwa walikuwa wanateleza." Nilifumba macho. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu, na hiyo nusu iliposemwa peke yake ilikuwa tusi. Godlisten akarudia taratibu, "Mbwa walikuwa wanateleza." Akatoka. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachota maji, nikamsikia akimwambia mkewe, na sauti ile kubwa ilikuwa imekatika, "Nimefanya kazi mwaka mzima nikiifikiria sebule hii. Mama amechagua mbwa. Pakia watoto." Walikwenda kwa wakwe zake, kule chini mahali paitwapo Kwa Sadala, na ujumbe ukaja kwamba kipaimara kitafanyikia huko huko, na kwamba yeye hatakanyaga tena pale juu.

Krismasi ile tulikula wawili. Nilimsihi. "Shangazi, mwambie tu ukweli." Akasema, "Nikimwambia ananichukua. Nisipomwambia nimempoteza. Sasa nichague lipi, Ndeshi?" Siku iliyofuata akanituma mpakani mwa kihamba nikakate masale. Wa kwetu wanajua maana yake: ukimkosea mtu, unampelekea jani la masale, na akishalipokea hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Lakini hupelekwa kwa mkubwa, au kwa wa rika lako. Mzee wa ukoo aliyeombwa atusindikize alikataa katakata. "Mama Godlisten, mzazi hampelekei mtoto masale. Haijawahi kutokea." Shangazi akamwambia, "Basi itatokea Jumamosi."

Tulishuka na gari la jirani aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni. Jeki alikuja nasi, akabaki garini, kwa sababu wakwe wale hawakutaka mbwa hata uani. Njia nzima Shangazi alinihoji. Mlango uko wapi, meza iko wapi, atakuwa amekaa wapi. Alitaka avuke peke yake, asishikwe, ili siri yake ibaki siri. Tulifika wakiwa mezani. Sebule yao ilikuwa na marumaru za kung'aa kama zile zile zetu. Tulivua viatu, na mimi nikamnong'oneza, "Mbele moja kwa moja, kiti cha mwisho kulia." Akaachia mkono wangu. Alikwenda na soksi zake, taratibu, akiburuta miguu bila kuinyanyua, jani ameliinua kwa mikono miwili. Watu wote waliacha kula.

Godlisten alipomwona mama yake anakuja na masale, alisimama. Mtoto aliyelelewa vizuri hakai wakati mama yake anamjia kwa miguu. Alisimama, akasogea kando ampishe, akarudi nyuma mpaka karibu na dirisha. Naye alikuwa na soksi, hatua zake hazikusikika. Na Shangazi akafika kwenye kiti cha mwisho kulia, akainamisha kichwa, akakinyooshea jani kile kiti kitupu.

"Mwanangu," akakiambia, "nimekukosea. Ulinipa zawadi nikaivunja. Nakuomba unisamehe."

Mimi nilikuwa mlangoni, sikuweza kufanya lolote. Aliendelea kusubiri, jani bado ameliinua, uso umeelekea pale ambapo hakuna mtu. Nilimwona Godlisten akitazama kiti, akimtazama mama yake, akitazama zile soksi kwenye marumaru. Nadhani aliyaona yote kwa mara moja, mwaka mzima. Akaja akapiga magoti, akaushika mkono wenye jani.

"Niko huku, Mama."

Shangazi akashtuka, akageuka kuelekea sauti. Alijua siri imeshatoka.

"Nimepokea," Godlisten akasema, na machozi yalikuwa yakimwagika mbele ya wakwe zake bila kujali. "Nimepokea, Mama. Lakini huoni. Tangu lini huoni? Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichukua."

"Ningekuchukua, ndiyo! Huoni, Mama!"

Shangazi akajinyoosha. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini siku ile sikumwona mfupi.

"Hapa sioni," akasema. "Kwangu ninaona."

Godlisten alitupandisha mwenyewe kwa gari lake, sisi wawili na Jeki. Shangazi alishuka, vidole vikatafuta mgongo wa mbwa, wakaingia. Godlisten alibaki kizingitini. Alimtazama mama yake akivuka sebule kwa hatua za mtu mwenye haraka ya kawaida, akikata kona kwenye meza, akishuka ngazi ya jikoni, na kucha za Jeki zikigonga saruji mbele yake. Shangazi akarudi na chupa ya chai kwapani na vikombe viwili mkononi. Akaviweka mezani, akamimina, hakumwaga hata tone. "Karibu uketi, mwanangu," akasema. Godlisten akaketi, akainywa chai yote akiwa ameinamisha kichwa. Habari ya kumhamishia Dar hakuitaja siku ile, na hakuitaja tena.